Poti Imeshikwa: Namna ya Kumtambua Mwenye Nayo Kabla ya Kugusa Kitu

Kila miezi ya baridi inapokaribia hapa Mbeya, wanafunzi wa mwaka wa mwisho huanza kuniletea kompyuta zao mpakato wakiwa na lalamiko moja: mfumo uliofanya kazi jana usiku leo hauwaki. Apache, yaani seva ya wavuti wanayoitumia, inawaka kwa sekunde mbili kisha inazima, au dirisha la amri linatoa mistari mingi inayoishia kwa maneno "address already in use". Wengi wao huwa wamekwisha kuondoa XAMPP yote, yaani kifurushi chenye Apache na hifadhidata ya MySQL, na kuisakinisha upya kabla ya kunifikia. Kijana mmoja wa Uyole alikuwa amelifanya jambo hilo mara tatu, na mara ya tatu alifuta folda nzima ya XAMPP pamoja na hifadhidata ya mradi wake iliyokuwa ndani yake. Kosa lenyewe lilikuwa la dakika tano. Alikuwa amewasha IIS, ambayo ni seva ya wavuti inayokuja na Windows, kwa ajili ya somo jingine, nayo ikaishika poti 80 kabla Apache haijaamka.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu una sharti moja linalotangulia hatua zote: usiue programu, usifute folda wala usisakinishe kitu upya kabla hujajua ni nani aliyeishika poti.

Poti na kizimba

Chukua mfano wa Soko la Mwanjelwa. Anwani ya IP ya kompyuta ni soko zima, na poti ni namba ya kizimba ndani ya soko hilo. Mteja anayefika sokoni bila namba ya kizimba hajui aende wapi, na kizimba kimoja hakiwezi kukaliwa na wafanyabiashara wawili kwa wakati mmoja. Programu inayotaka kuhudumia wengine huuomba mfumo endeshi kizimba chenye namba fulani. Ikiwa namba hiyo ina mtu, mfumo endeshi hukataa, na hapo ndipo ujumbe wa kosa hutokea.

Namba hizo huanzia 0 hadi 65535, kwa kuwa namba ya poti huandikwa kwa biti 16. TCP na UDP, ambazo ni njia mbili za kusafirisha data mtandaoni, zina orodha tofauti, kama vile upande wa nguo na upande wa nafaka: mwenye namba 3000 upande wa UDP hagombani na mwenye 3000 upande wa TCP. Namba 0 hadi 1023 zimetengwa kwa huduma zinazojulikana duniani kote, zikiwamo 80 na 443 za wavuti. Kwa mazoea, hifadhidata ya MySQL hukaa 3306 na ya PostgreSQL 5432; zana za kujengea tovuti za Django na Laravel hukaa 8000, Flask 5000, na miradi mingi ya Node, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, 3000. Mazoea hayo ndiyo chanzo cha magomvi mengi, kwa sababu mtu mwenye miradi mitatu ya Node huwa na miradi mitatu inayokitaka kizimba kimoja.

Hatua ya kwanza: soma ujumbe hadi mwisho

Node husema EADDRINUSE. Python kwenye Linux hutoa "Errno 98", kwenye Mac "Errno 48", na kwenye Windows namba ya kosa ni 10048. Yote hayo yana maana moja, kwamba poti ina mtu.

Ukiona EACCES, au namba 10013 kwenye Windows, kosa hilo ni la aina nyingine, maana hapo mfumo endeshi unakunyima ruhusa ingawa poti yenyewe inaweza kuwa tupu. Kwenye Linux sababu ya kawaida ni kutaka poti iliyo chini ya 1024 bila mamlaka ya msimamizi, na dawa yake ni kutumia namba ya juu, kwa mfano 8080. Kwenye Windows sababu yake imejificha zaidi, nami nitaifikia baadaye.

Kivinjari kikisema "connection refused", mambo yamegeuka: hakuna programu yoyote inayosikiliza kwenye poti hiyo. Huko hakuna ugomvi wa poti, bali seva yako haijawaka au imewaka kwenye namba nyingine.

Hatua ya pili: mtafute mwenye kizimba

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi kisha uandike:

netstat -ano | findstr :80

Amri hii huleta mistari mingi kuliko inayotakiwa, kwa kuwa findstr huokota pia 8000, 8080 na kila tovuti ambayo kivinjari chako kinawasiliana nayo kupitia poti 80 kwa wakati huo. Tafuta mstari ambao anwani yake ya kwanza inaishia kwa :80 kamili na ambao una neno LISTENING. Namba ya mwisho kwenye mstari huo ni PID, yaani namba ya utambulisho ya programu inayoendeshwa. Tuseme ni 5120. Uliza jina lake hivi:

tasklist /FI "PID eq 5120"

Kwenye Linux amri moja inatosha:

sudo ss -ltnp

Usiache neno sudo, kwa sababu bila hilo utaiona poti imeshikwa lakini hutaonyeshwa jina la programu ya mtumiaji mwingine. Kwenye Mac, na hata kwenye Linux yenye lsof, tumia:

sudo lsof -nP -iTCP:3000 -sTCP:LISTEN

Sasa kuhusu PID namba 4, ambayo huwatisha wengi. XAMPP huandika kwamba poti 80 inatumiwa na "Unable to open process" yenye PID 4, na msomaji hudhani ameingiliwa na virusi. PID 4 ni Windows yenyewe. Ndani yake kuna sehemu iitwayo HTTP.sys, ambayo hupokea maombi ya wavuti kwa niaba ya programu nyingine, hivyo netstat humwona mlinzi wa mlangoni badala ya kumwona mwenye duka. Ili umjue mwenye duka, andika:

netsh http show servicestate

Orodha itakayotokea inaonyesha anwani zilizosajiliwa pamoja na namba za programu zilizozisajili. Mara nyingi utakuta ni IIS, ambayo jina lake la kihuduma ni W3SVC, nayo huzimwa kwa net stop W3SVC. Baadhi ya video za mafunzo hushauri kuandika net stop http, nami sikubaliani na ushauri huo. Amri hiyo huzima kila huduma inayoitegemea HTTP.sys, na miongoni mwao imo huduma ya kuchapa, Print Spooler. Mwenye steshenari pale Kabwe atakayeifuata ataona seva yake imewaka vizuri huku printa imenyamaza na wateja wamepanga foleni. Ukiiandika, itakutajia kwanza huduma zitakazozimika na kukuuliza kama unakubali. Isome orodha hiyo, kisha ujibu N.

Hatua ya tatu: amua kulingana na uliyemkuta

Mara nyingi utakayemkuta ni wewe mwenyewe wa jana. Umeifunga VS Code, programu ya kuandikia msimbo, huku seva yako ikiendelea kwa nyuma, au umefungua dirisha la pili la amri ukasahau la kwanza. Kwenye Linux na Mac kuna mtego ambao nimeukuta mara nyingi kuliko mingine yote: mtu hubonyeza Ctrl+Z akidhani ameizima seva. Ctrl+Z huisimamisha tu. Programu inabaki kwenye kumbukumbu ikiwa imelala na funguo za kizimba zimo mfukoni mwake, na kivinjari kinachoifikia huzunguka bila kujibiwa. Andika jobs uione, kisha fg uirudishe mbele, halafu uizime kwa Ctrl+C.

Ikiwa dirisha lake limepotea, iue kwa namba. Kwenye Windows andika taskkill /PID 5120, na ikikataa ndipo uongeze /F mwishoni. Kwenye Linux anza na kill 5120, ambayo huiomba programu ifunge kazi zake na kuondoka, ukasubiri kidogo kabla ya kutumia kill -9. Kwa seva ya mradi wa Node hata -9 haina madhara makubwa. Kwa hifadhidata ina madhara, kwani hifadhidata iliyokatwa katikati ya kuandika inaweza kuamka ikiwa na majedwali mabovu.

Wakati mwingine utaiua programu, nayo itarudi baada ya sekunde mbili ikiwa na PID mpya. Hiyo ina maana kwamba kuna mlezi anayeiwasha upya: systemd, pm2, au huduma za Windows. Zungumza na mlezi huyo. Kwenye Ubuntu, Apache iliyosakinishwa na mfumo huzimwa kwa sudo systemctl stop apache2, na huzuiwa isiwake tena kompyuta inapowashwa kwa sudo systemctl disable apache2. Kwenye Windows, fungua services.msc ubadilishe namna ya kuanza iwe ya mkono, au uandike:

sc config W3SVC start= demand

Nafasi iliyopo baada ya alama ya sawasawa si kosa la uchapaji. Ukiiacha, amri haitafanya kazi.

Docker, zana inayoendesha programu ndani ya vifurushi viitwavyo kontena, nayo ni mlezi. Ujumbe wake husema "port is already allocated", na docker ps itakuonyesha kontena iliyoishika poti. Kontena iliyowekewa sharti la kuwashwa daima itarudi kila unapowasha kompyuta, hata kama mradi wake uliuacha mwaka jana.

Watumiaji wa Mac hapa kwetu ni wachache, lakini kwao kuna jambo moja la kujua: tangu toleo la Monterey la mwaka 2021, huduma ya AirPlay Receiver, inayopokea picha na sauti kutoka vifaa vingine, hushika poti 5000 na 7000, hivyo Flask hugongana nayo. Ama uizime kwenye mipangilio, ama uipeleke Flask 5001.

Hatua ya nne: kufukuza au kuhama

Ukiwa peke yako kwenye kompyuta yako, kuhama ni rahisi na salama kuliko kufukuza. Kwa Django andika python manage.py runserver 8001; kwa Laravel php artisan serve --port=8001; kwa Flask flask run --port 5001. Kwa Docker badilisha namba ya kushoto tu, 8080:80 iwe 8081:80, kwa kuwa ya kulia ni ya ndani ya kontena na haigombani na mtu.

Kwa Apache ya XAMPP, fungua faili la httpd.conf, ugeuze Listen 80 kuwa Listen 8080, na ServerName localhost:80 kuwa localhost:8080. Kama anayegombaniwa ni 443, badilisha pia faili la httpd-ssl.conf, mahali pa Listen na pa VirtualHost. Kisha uende kwenye mipangilio ya poti ya paneli ya XAMPP ukaweke namba mpya. Hapo wengi hujichanganya: namba unayoiandika kwenye paneli haibadilishi seva, bali huiambia paneli wapi pa kuangalia. Mtu akibadilisha paneli peke yake, Apache hubaki ikiitafuta 80 kama kawaida.

Kuhamisha hifadhidata kuna mkia mrefu zaidi. Katika faili la my.ini, poti ya 3306 imeandikwa sehemu mbili, ya mteja na ya seva, na zote zinahitaji kuwa 3307. phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata, nayo iambiwe kupitia config.inc.php kwa mstari huu:

$cfg['Servers'][$i]['port'] = '3307';

Mradi wa Laravel unahitaji DB_PORT=3307 kwenye faili la .env, na kama mipangilio ilikuwa imehifadhiwa, amri ya php artisan config:clear. Kwenye Linux kuna jambo la ziada: programu ikiambiwa iunganishwe na MySQL ya "localhost", kwa kawaida hupitia faili la soketi bila kujali namba ya poti uliyoiandika. Unaweza kudhani umehamia 3307 kumbe unazungumza na hifadhidata ya zamani. Andika 127.0.0.1 badala ya localhost ili namba iheshimiwe.

Mahali ambapo kompyuta moja inahudumia nyingine, uamuzi wangu hugeuka. Duka la vifaa vya ujenzi la Makambako lenye seva ofisini na kompyuta mbili kaunta limekwisha kuzoea namba moja. Ukiibadilisha, itakubidi urekebishe anwani kwenye kila kompyuta na uifungulie namba mpya kwenye Windows Firewall, na siku ambayo haupo hakuna atakayejua kwa nini kaunta hazifunguki. Hapo mfukuze mgeni, mwenyeji abaki kwenye kizimba chake.

Unapochagua namba mpya, usiende juu ya 49152, kwa sababu mfumo endeshi huzigawa namba hizo kwa mawasiliano yanayotoka nje. Kwenye Linux ugawaji huo kwa kawaida huanza mapema zaidi, kwenye 32768. Epuka pia 6000 na zile za 6665 hadi 6669. Seva itawaka vizuri kabisa, lakini Chrome itakataa kuifungua na kuandika ERR_UNSAFE_PORT, nawe utapoteza jioni nzima ukitafuta kosa kwenye msimbo wako.

Jihadhari na zana zinazohama zenyewe. Vite, zana ya kuendeshea miradi ya JavaScript, ikikuta 5173 imeshikwa huenda 5174, na Laravel hutoka 8000 kwenda 8001, bila kelele zaidi ya mstari mmoja kwenye dirisha la amri. Wewe unaendelea kutazama namba ya zamani, unabadilisha msimbo mara kumi, na ukurasa haubadiliki, kwa kuwa unaotazamwa ni wa seva ya jana.

Poti haina mtu, lakini bado inakataa

Hapa ndipo lile kosa la 10013 linaporudi. Kwenye Windows yenye Hyper-V (ya kuendesha kompyuta pepe), WSL 2 (ya kuendesha Linux ndani ya Windows) au Docker, mfumo endeshi hujiwekea akiba ya mafungu ya poti ambayo netstat haiyaonyeshi. Yaangalie kwa amri hii:

netsh interface ipv4 show excludedportrange protocol=tcp

Ikiwa namba yako imo ndani ya fungu mojawapo, umempata mhusika. Mafungu hayo yanaweza kubadilika kila kompyuta inapowashwa, na ndiyo maana seva ya jana inakataa leo ingawa hukugusa kitu. Simamisha huduma inayohusika kwa net stop winnat, washa seva yako, kisha urudishe huduma kwa net start winnat. Vinginevyo hamia namba iliyo nje ya mafungu.

Kwenye Linux, seva uliyoizima sasa hivi inaweza kukataa kuwaka kwa muda mfupi, kwa sababu mawasiliano ya mwisho yamebaki katika hali ya TIME_WAIT. Hali hiyo huisha baada ya sekunde 60. Subiri.

Lipo pia jambo la kompyuta kuwa na anwani mbili za nyumbani, 127.0.0.1 ya IPv4 na ::1 ya IPv6. Programu moja inaweza kukaa 8000 kwenye ya kwanza, nyingine 8000 kwenye ya pili, na mfumo endeshi usione ugomvi. Neno localhost linaweza kukupeleka kwa yoyote kati ya hizo. Ukiona ukurasa wa mradi usio wako, fungua http://127.0.0.1:8000 na http://[::1]:8000 kila moja peke yake ulinganishe.

MySQL ya XAMPP na umeme uliokatika

Ujumbe mmoja unastahili sehemu yake kwa sababu unapotosha. MySQL ya XAMPP, ambayo katika matoleo ya sasa ni MariaDB, ikishindwa kuwaka, paneli huandika "MySQL shutdown unexpectedly" na kutaja poti iliyozibwa kuwa sababu ya kwanza. Msomaji hukimbilia poti. Lakini katika nyanda hizi za juu kusini, msimu wa mvua unapoanza Novemba na radi zikaanza kukata umeme, kompyuta za mezani huzimika ghafla mara kwa mara, na hifadhidata nyingi ninazoletewa wakati huo zimeharibika mafaili. Poti yao haina tatizo lolote.

Kipimo ni rahisi. Andika netstat -ano | findstr :3306. Ukikuta LISTENING, tafuta mwenye nayo. Mara nyingi ni MySQL nyingine iliyosakinishwa kando, ambayo kwenye orodha ya huduma huitwa MySQL80 au jina linalofanana na hilo. Kabla ya kuizima, hakikisha haina data za mfumo mwingine. Usipokuta kitu, achana na poti ufungue faili la mysql_error.log lililo ndani ya folda ya mysql\data usome mistari ya mwisho. Na kabla hujajaribu tiba yoyote uliyoisoma popote, nakili folda yote ya data, ikiwa pamoja na faili la ibdata1, uiweke kwenye flashi. Folda za hifadhidata zikinakiliwa bila ibdata1, majedwali ya InnoDB, aina ya kawaida ya majedwali ya MySQL, huonekana kwa majina tu na hayafunguki.

Hatua ya mwisho: hakikisha mara mbili

Seva ikishawaka, rudia amri ya netstat au ss uone kwamba PID iliyo kwenye poti yako sasa ni ya programu yako. Kisha zima kompyuta, uiwashe tena na urudie kipimo hicho kabla ya kuwasha kitu kingine chochote, kwa sababu huduma uliyoizima bila kubadilisha namna yake ya kuanza itakuwa imekwisha kurudi kwenye kizimba. Kwenye Windows washa kwa Restart, kwani Shut down ya kawaida inaweza kuihifadhi sehemu ya mfumo endeshi na kuirudisha kama ilivyokuwa, na hutakuwa umepima chochote. Wanaokwenda kuwasilisha mradi wafanye kipimo hiki siku mbili kabla, wakiwa bado na nafasi ya kunitafuta.